Chokaa ya shambani: jiwe rahisi, safari ghali

Kila Januari, wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuulizana bei ya mbolea. Wanaouliza bei ya chokaa ni wachache, ilhali katika mashamba mengi ya Bonde la Ufa Kaskazini na Magharibi mwa Kenya chokaa ndiyo itakayoamua iwapo mbolea hiyo itazaa magunia au itapotelea ardhini.

Mvua nyingi, pamoja na kuvuna mwaka baada ya mwaka, zimeuondolea udongo kalisiamu. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Fosforasi nayo hunaswa na alumini na chuma, mmea usiipate. DAP, mbolea ya kupandia iliyozoeleka mno, ina asilimia 46 ya fosfati na asilimia 18 ya naitrojeni iliyo katika umbo la amonia, na amonia hiyo inapogeuzwa na bakteria huacha tindikali. Kwa hiyo anayetia DAP miaka nenda miaka rudi bila chokaa huongeza tindikali ile ile inayoinasa fosforasi aliyoilipia.

Kuitengeneza bidhaa yenyewe si kazi kubwa. Huko Koru, Kaunti ya Kisumu, mawe ya chokaa yamechimbwa kwa miaka mingi, na kampuni ya Homa Lime ina kiwanda chake hapo. Chokaa ya shambani haihitaji tanuri kama ile ya ujenzi: jiwe husagwa tu. Ndiyo maana bei ya kiwandani huwa ya chini.

Gharama huanzia barabarani. Kiwango kinachopendekezwa mara nyingi ni tani 2 kwa hekta, yaani mifuko kama 16 ya kilo 50 kwa ekari. Lori la tani 10 litatosheleza ekari 12 hivi. Lori hilo hilo likijazwa DAP, kwa mfuko mmoja kila ekari, litahudumia ekari 200. Hesabu hiyo ndiyo inayoibana biashara hii nzima. Mwenye agroveti naye anaiona vizuri: mfuko wa chokaa unajaza stoo sawasawa na wa mbolea, lakini faida yake ni ndogo mno. Basi huweka michache, na mteja anayefika Machi mvua zikinyesha huambiwa imekwisha. Hata angeipata angekuwa amechelewa, kwani chokaa hufanya kazi polepole na inafaa ichanganywe na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, ikiwezekana miezi miwili au mitatu.

Mnunuzi asione haya kufungua mfuko. Chokaa nzuri ni laini kama unga. Punje zinazozidi milimita 2 hazitamsaidia kwa miaka mingi. Ukitia siki na isitoe povu lolote, kuna sababu ya kutilia shaka. Povu, hata hivyo, halikuambii shamba linahitaji kiasi gani. Hilo ni la kupima udongo, kwa sababu chokaa ikizidi, zinki na chuma huwa adimu kwa mmea.

Serikali iliteremsha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500 kwa mfuko mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Ahueni hiyo ilihitajika sana. Lakini kwenye udongo wenye tindikali, sehemu ya fedha hizo za umma inanaswa ardhini pamoja na fosforasi. Ruzuku ya usafiri wa chokaa, ikiambatana na maabara ya udongo iliyo karibu na mkulima, ingeokoa mbolea ambayo tayari imelipiwa.

Kuna kizuizi kingine kisichotajwa sana, nacho ni shamba la kukodi. Manufaa ya chokaa huendelea kwa misimu mitatu hadi mitano, na anayekodi msimu mmoja hana sababu ya kumtengenezea mwenye ardhi udongo wake. Mkataba wa miaka mitatu, au mwenye shamba kukubali kupunguza kodi kwa thamani ya chokaa iliyotiwa, ungekiondoa kizuizi hicho. Mazungumzo hayo yafanyike mara tu mahindi yanapovunwa, kabla ya mkataba mpya kuandikwa.