Injini Ipozwayo kwa Upepo

Aliyesafiri kutoka Baraka kupita Fizi hata Misisi wakati wa kiangazi analijua vumbi la njia ile. Pikipiki nyingi zichukuazo abiria huko hazina maji ya kupoza injini. Hupozwa na upepo tu, kama Volkswagen za zamani zenye injini nyuma. Magari hayo yalikuwa imara kweli: mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walishinda mashindano ya East African Safari kwa Volkswagen. Lakini uimara huo una masharti, nayo Volkswagen yatufundisha vizuri.

Angalieni silinda. Nje yake ina mapezi mengi membamba, kama ya samaki, nayo ndiyo yatoayo joto. Udongo uliochanganyika na mafuta ukiyaziba, chuma huungua. Katika Volkswagen, kati ya silinda nne, ya tatu huteseka zaidi, kwa kuwa kipozeo cha mafuta kilisimama katika njia ya upepo wake. Kiwanda kilikihamisha katika modeli za 1971. Katika zile za kabla yake, valvu ya kutolea moshi ya silinda hiyo huharibika mapema, na gari hupungukiwa nguvu mlimani.

Hapo fundi hufungua sehemu ya juu: vichwa viwili, silinda na pistoni. Mwenye gari humwambia, “Fundi, badilisha ringi tu, valvu bado nzuri.” Sisi twasema fundi akatae. Valvu iliyochoshwa na moto yaweza kuonekana nzima, kisha siku moja ikakatika kichwa, ikaangukia ndani na kutoboa pistoni. Aliyeokoa bei ya valvu amepoteza injini, na kama jamaa ilikula kwa chombo hicho, karo ya watoto imekwenda pamoja nayo.

Valvu mpya husagwa kwa dawa yake mpaka ikalie kiti chake bila kuvuja. Ringi hupimwa ndani ya silinda kabla ya kuvishwa pistoni. Nati za vichwa hukazwa kidogo kidogo, kwa utaratibu wa kiwanda na kwa spana ipimayo nguvu, maana mwili wa injini ni wa magnesi, madini laini, na mkono wenye haraka hung'oa nyuzi zake. Nafasi ya valvu, ambayo katika Volkswagen nyingi za zamani ni milimita 0.10 au 0.15, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa.

Yamebaki mabati yazungukayo silinda. Kuyarudisha kwachosha, na skrubu zake hupotea mchangani. Tumewaona mafundi wakiyaacha chini ya mwembe, eti injini ipate hewa zaidi. Kumbe hayo ndiyo yaongozayo upepo wa feni upite kati ya mapezi. Bila hayo upepo hutawanyika ovyo, na silinda ya tatu huanza tena kuungua siku ile ile.