Taa za Ndai ya Kitambo Ni Hafifu? Usikimbilie Balbu Kali, Cheki Waya Kwanza

Uko na Peugeot 504 ama Datsun ya mzee. Bodi inang'aa, injini iko fiti, lakini jua likizama unaendesha ni kama umewasha mishumaa. Wasee wengi hapo hukimbilia Kirinyaga Road kusaka balbu za wati 100. Tulia, buda. Mara nyingi shida si balbu, ni njia ya stima.

Kwa ndai nyingi za kitambo, stima ya taa hutoka kwa betri, inapitia swichi ya dashibodi, halafu inarudi tena mbele. Hiyo ni safari ndefu kwa waya nyembamba ya miaka 40, na volti zinapotelea njiani. Volti zikishuka asilimia 10, mwanga wa balbu unashuka karibu asilimia 30! Washa taa, upime na mita nyuma ya balbu, halafu upime kwa betri. Tofauti ikizidi volti moja, umepata mwizi.

Sasa piga hesabu. Balbu mbili za H4 za wati 55 zinavuta karibu ampea 9. Weka za wati 90, unafika ampea 15, na zote zinapitia ile swichi mzee. Itashika moto, plastiki iyeyuke, na taa zizime ukiwa kwa kona za Mai Mahiu usiku. Ama uone moshi kwa dashibodi.

Dawa ni rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Swichi yako inabaki kutoa amri tu. Mzigo unabebwa na waya mpya, nene, kutoka kwa betri. Chomoa betri kwanza, halafu fuata namba zilizoandikwa kwa rilei:

- 30: waya kutoka kwa betri, na fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri.
- 87: waya inayoenda kwa balbu.
- 86: ile waya ya zamani iliyokuwa inawasha balbu.
- 85: kwa bodi, pahali umekwangua rangi hadi chuma.

Waya za mzigo ziwe za milimita 2.5 mraba. Na balbu pia ipate waya safi ya kurudi kwa bodi, la sivyo umefanya nusu ya kazi.

Chunga hapa: Toyota na Datsun kadhaa za zamani, swichi hukata upande wa negativu. Fundi apime kabla akate waya yoyote.

Ukimaliza, simamisha ndai mbele ya ukuta upange mwelekeo wa taa. Wewe uone barabara, lakini dere wa mathree anayekuja asipofuke.