USISIMAME KWA GHAFULA



Fundi amechuchumaa muda mrefu chini ya mashini. Anaitwa, anasimama mara moja. Macho yanaingia giza, miguu inalegea, anaanguka. Wenzake wanasema: «Amelewa», ao «Amerogwa». Mara nyingi sababu ni damu tu.

Moyo ni pompi. Mtu akisimama, zaidi ya nusu litre ya damu inashuka kwenye miguu na tumbo. Watu wa Kipushi wanajua jambo la namna hii: mwaka 2011 pompi za mgodi ziliposhindwa, maji yalijaa chini. Damu nayo isiposukumwa vizuri hubaki chini, na ubongo ulio juu unakosa sehemu yake.

Kwa kawaida mwili hujisaidia. Ndani ya mishipa ya shingo na karibu na moyo kuna walinzi wanaopima nguvu ya damu. Wakiona imeshuka, moyo unapiga mbio na mishipa inajikaza. Kazi hiyo ni ya sekunde chache.

Lakini walinzi hushindwa mwili ukikosa maji: joto la mwezi wa kumi, jasho la tanuru, kuhara, malaria, lutuku ya jana. Dawa za tansio nazo zinaweza kuleta hali hii. Usiziache; mwambie mganga. Atakupima umelala, kiisha umesimama. Kama katika dakika 3 tansio imetoka 12 na kufika 10 ao chini yake, kuna shida ya kutafutiwa dawa.

Fanya hivi:

1. Kunywa maji mara kwa mara, usingoje kiu.

2. Ukitoka kulala, kaa kwanza, chezesha miguu, kiisha simama ukishika kitu.

3. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini palepale. Usipande ngazi, usiendeshe mashini.

Mwenzako akizimia, usimsimamishe wala usimkalishe kwenye kiti! Mlaze chali, inua miguu yake, legeza mkanda: damu itarudi kichwani. Asipoamka upesi, ao akiumwa kifua, mwite mganga. Lakini kama ameanguka toka juu, usimsogeze. Na kama ni shimoni penye hewa mbaya, usimkimbilie. Ita kwanza watu wa uokoaji.

Nusu dakika ya kukaa kitandani haipunguzi mshahara. Kuanguka toka kwenye ngazi kunaweza kuumaliza.