Upupu Uani: Kuuondoa Nyumbani Bila Kujidhuru

Katika wilaya za Muheza, Pangani, Mkinga na Korogwe, mvua za masika zinapokoma, viwanja visivyolimwa huwa vimekwisha kufunikwa na mimea itambaayo. Juu ya ua wa minyaa, nyuma ya choo cha nje, kwenye mashina ya mikorosho na katika mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, huota mmea ambao kila mtoto wa pwani hufundishwa mapema kuuogopa: upupu. Karibu kila mtu anaujua kwa jina na kwa visa vya mizaha ya shuleni. Namna ya kuuondoa haijulikani kwa kiwango hicho, na mara nyingi siku ya kuufyeka ndiyo huwa siku ya madhara makubwa. Mwenye nyumba huchukua panga mchana wa jua kali, upepo wa kusi ukivuma, akayapiga maganda makavu. Kufikia jioni yeye, watoto wake na jirani aliye upande wa chini ya upepo wote wanajikuna.

Madhara hayo yanaepukika. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba upupu huondolewa kwa kuzingatia wakati zaidi kuliko kwa kutumia nguvu.

Kuutambua mmea

Upupu, kwa jina la kitaalamu Mucuna pruriens, ni wa jamii ya kunde na maharage. Majani yake huota matatu-matatu katika kikonyo kimoja, hivyo mche mchanga huweza kudhaniwa kuwa ni kunde zilizojiotea. Huparamia ua na miti kwa mita kadhaa. Maua yake, ambayo mara nyingi ni ya zambarau iliyokoza, huning'inia kwa vishada. Baadaye hufuata maganda yaliyopinda mfano wa herufi S, yenye urefu wa sentimita 5 hadi 10 hivi, yaliyofunikwa na maelfu ya vinyweleo vya hudhurungi vyenye kung'aa. Ipo pia aina isiyowasha ya mmea huohuo, ambayo wakulima huipanda ili kurutubisha ardhi na kulisha mifugo.

Mambo mawili katika maumbile ya upupu humsaidia anayetaka kuuondoa. Kwanza, kwa kawaida ni mmea wa msimu: huota, huzaa na kufa, kisha huanza upya kutokana na mbegu. Hauna kiazi ardhini cha kuchipua tena. Pili, hatari yake kubwa imo katika maganda. Mche ambao haujazaa hung'olewa kwa urahisi, hasa udongo ukiwa umelowa.

Kwa nini huwasha

Kila kinyweleo ni mfano wa sindano ndogo. Kikigusa ngozi, hupenya tabaka la juu na kukatika humo, kikiacha kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho wataalamu Walter Shelley na Robert Arthur wa Marekani walikieleza mwaka 1955. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kimeng'enya hicho huamsha vipokezi maalumu katika neva za ngozi. Kwa hiyo muwasho wake hautegemei histamini, ile kemikali ambayo dawa nyingi za mzio hukusudiwa kuizuia. Ndiyo sababu mgonjwa aliyemeza vidonge vya mzio huweza kupata usingizi lakini asipate nafuu ya kutosha.

Tofauti nyingine inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu unahusu mtambaa wa Amerika ya Kaskazini uitwao Toxicodendron radicans. Mtambaa huo nao una majani matatu-matatu, na watu wa huko hutaabika sana kuuondoa majumbani. Lakini sumu yake ni mafuta yanayoganda kwenye ngozi, na vipele vyake kwa kawaida hutokea baada ya siku moja au mbili, mwili unapoyakataa mafuta hayo. Huo ni ndugu wa mkorosho: mafuta ya ganda la korosho, yanayobabua mikono ya wabanguaji, yana kemikali za ukoo huohuo. Dhidi ya mafuta, kuoga mapema kwa sabuni nyingi na kusugua kwa kitambaa kunafaa. Dhidi ya upupu, unaowasha papo hapo, kusugua hukizamisha kinyweleo na kukisambaza kwenye ngozi ambayo ilikuwa salama.

Wakati wa kuung'oa

Wakati ulio bora ni wiki chache baada ya mvua kuanza: mwezi Aprili katika masika na mwezi Novemba katika vuli. Miche ikiwa na urefu wa mkono, mtu mwenye glavu, suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu anaweza kuing'oa na mizizi yake au kuilima kwa jembe. Mbuzi pia huweza kufungwa mahali hapo wale majani machanga, ila waondolewe kabla maganda hayajaanza kutokea.

Mtambaa ukiwa umekwisha kupanda juu ya mti au ua bila kuzaa, shina lake likatwe karibu na ardhi, na kinachobaki juu kiachwe kinyauke. Hapana haja ya kuuvuta. Pale panapoota kwenye ua wa minyaa, mkataji ajihadhari na hatari ya pili: utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kuudhuru uwezo wa kuona kwa muda. Miwani ya kufunika macho ni ya lazima hapo.

Kazi hiyo haiishi kwa msimu mmoja. Ganda moja lina mbegu 4 hadi 6 zenye gamba gumu, na baadhi hulala ardhini zikingoja mvua nyingine. Uwanja ukaguliwe kila mvua zianzapo, na kila mche unaojitokeza ung'olewe. Panapozuiwa upupu usizae misimu kadhaa mfululizo, akiba ya mbegu ardhini hupungua hadi kwisha. Kupanda viazi vitamu, kunde au majani ya malisho mahali palipofyekwa huunyima upupu nafasi ya kurudi.

Maganda yakiwa yamekwisha kutoka

Iwapo maganda yapo, hata yakiwa mabichi, kazi ibadilike. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

Kwanza, kazi ifanyike alfajiri umande ukiwa bado haujakauka, au mara baada ya mvua, siku isiyo na upepo. Maganda yanyunyiziwe maji mpaka yalowe. Kinyweleo kilicholowa hakiruki kwa urahisi.

Pili, watoto, wajawazito, wagonjwa wa pumu na mifugo waondolewe mahali hapo, na majirani waarifiwe wafunge madirisha na kuanua nguo.

Tatu, mfanyakazi avae shati la mikono mirefu, suruali iliyochomekwa ndani ya buti, glavu, miwani ya kufunika macho, na kitambaa cha kufunika kichwa, shingo, pua na mdomo.

Nne, maganda yakatwe kishada kwa kishada kwa mkasi au kisu na kutumbukizwa taratibu katika gunia lililolowa. Yasipigwe kwa panga wala fyekeo.

Tano, gunia lifungwe na kufukiwa katika shimo la kina kisichopungua nusu mita. Maganda yasichomwe moto uani. Joto la ndimi za moto huviharibu vinyweleo vinavyoungua, lakini hewa ya moto huvipeperusha vingine kabla havijaungua na kuvipeleka kwenye macho na vifua vya watu.

Sita, nguo zivuliwe nje, zifunguliwe vifungo badala ya kupitishwa usoni, kisha zilowekwe katika maji yaliyochemka. Joto la namna hiyo hukiharibu kimeng'enya cha upupu. Zifuliwe peke yake na kusuuzwa kwa maji mengi.

Mbegu zilizookotwa zisiliwe wala kuachwa mikononi mwa watoto. Zina levodopa, kemikali itumikayo hospitalini kutibu ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha habari za watu nchini Msumbiji waliopatwa na kuchanganyikiwa akili, hali iliyohusishwa na kula mbegu za mmea huu. Kuzigeuza kuwa chakula au dawa ya nyumbani ni hatari.

Mtu akiguswa

Jambo la kwanza ni gumu kuliko yote: asijikune. Nguo ziondolewe kwa uangalifu. Utepe wa gundi au plasta ibandikwe juu ya ngozi na kubanduliwa, kipande kipya kila mara, ili kuving'oa vinyweleo. Pasipo na utepe, donge la unga uliokandwa likanata huweza kubonyezwa na kuinuliwa kwa namna hiyohiyo. Lisiviringishwe wala kusuguliwa. Baada ya hapo ngozi isafishwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila dodoki. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi au losheni ya kalamaini hupunguza muwasho uliobaki. Mafuta ya taa, ndimu, mchanga na majivu ya kusugua visitumike, kwani huichubua ngozi ambayo tayari imejeruhiwa.

Jicho likiingiwa, lisifikichwe. Lisafishwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama maumivu yamepungua. Anayepumua kwa shida, kukoroma kifuani au kuvimba midomo na ulimi ni mgonjwa wa dharura.

Kwa mhudumu wa afya

Muwasho mkali ulioanza ghafla, hasa kwa watu kadhaa wa nyumba moja au darasa moja, uamshe swali jepesi: je, kuna aliyefyeka, kuokota kuni au kupita vichakani leo? Upele unaoambukiza huanza polepole na kusumbua zaidi usiku. Upupu huanza kwa dakika. Swali hilo humwokoa mgonjwa na dawa asiyoihitaji, na huiokoa jamii na tuhuma za uchawi zinazoweza kuzuka watu wengi wanapowashwa kwa pamoja.

Mhudumu avae glavu kabla ya kumgusa mgonjwa na kuziweka nguo zake katika mfuko uliofungwa. Taarifa ya kitabibu ya mwaka 1985 kutoka New Jersey, Marekani, ilieleza jinsi watu waliofika kuwasaidia wagonjwa wa upupu nao walivyowashwa.

Vinyweleo viondolewe kwanza, ndipo dawa ifuate. Krimu ya haidrokotisoni huweza kutuliza uvimbe. Klorofenilamini, ambayo wengi huiita piritoni, inaweza kumsaidia mgonjwa alale, lakini aelezwe kwamba haitaumaliza muwasho wenyewe. Kwa jicho, kope la juu lipinduliwe ili kutafuta vinyweleo vilivyojificha, na kioo cha jicho kipimwe kwa rangi ya fluoresini. Matone yenye steroidi yasitolewe kabla ya kipimo hicho. Mgonjwa mwenye michubuko aelekezwe kurudi akiona usaha, wekundu unaoenea au homa, kwani vidonda vya kujikuna hupata maambukizi ya bakteria kwa urahisi.

Kabla mgonjwa hajaondoka, aulizwe upupu uliomgusa upo wapi. Kama upo uani kwake na maganda yamekwisha kukauka, aambiwe asirudi kuufyeka jioni hiyo kwa hasira. Angoje asubuhi yenye umande, aulowe maji, akate maganda na kuyafukia. Na mvua za vuli zikianza, awahi na jembe kabla mche haujapata la kushika.