Kasi ya gia inauzwa rahisi, giaboksi inalipiwa ghali

Soko la vipuri na huduma za kuongeza uwezo wa magari nchini Marekani si la kubeza. SEMA, chama cha wafanyabiashara wa sekta hiyo kinachoandaa maonyesho ya Las Vegas kila mwaka, kilikadiria kuwa wateja walitumia takribani dola bilioni 50.9 mwaka 2021, na pikapu ndizo zilizoongoza. Ndani ya fedha hizo kuna kitawi kidogo chenye kelele nyingi: kuipanga upya giaboksi ya otomatiki ya pikapu yenye supachaja ili ibadili gia haraka zaidi. Mara nyingi huduma hii haina hata bei yake. Anayekuja kuongezewa nguvu za injini hutupiwa na gia, kama mnunuzi wa viatu anavyotupiwa soksi. Hapo ndipo biashara hii inapojipunja. Inatangaza kasi, ambayo ni matokeo tu, na kugawa bure kazi inayostahili kulipiwa, yaani kuhakikisha klachi zinaibeba nguvu mpya bila kuteleza.

Tuitazame Ford F-150 SVT Lightning, iliyouzwa kuanzia modeli ya 1999 hadi ya 2004. Injini yake ya V8 ya lita 5.4, ikisukumiwa hewa na supachaja ya Eaton, ilitoa nguvu za farasi 360, zikapanda hadi 380 kuanzia modeli ya 2001. Nyuma yake kuna giaboksi ya gia nne iitwayo 4R100, ambayo gia yake ya kwanza ina uwiano wa 2.71 na ya pili 1.54. Injini ikiwa kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika wakati gia ya pili inaingia, lazima ishuke hadi 2,950 hivi ndipo klachi ishike sawasawa. Tofauti hiyo yote, pamoja na uzito wa supachaja inayozungushwa na mkanda wa injini hiyohiyo, huishia kwenye sahani za klachi zinapoteleza, na kuteleza ni joto. Kiwanda huirefusha hatua hiyo kwa makusudi, ili mkwe aliyekaa kiti cha abiria asishtuke: presha ya oili hushushwa, pistoni ndogo zenye springi hupunguza mshindo, na injini huamriwa ipunguze nguvu kwa kitambo.

Fundi wa programu hufanya kinyume chake, na kazi yake kubwa ni presha. Solenoidi ya presha ya 4R100, yaani vali inayoendeshwa na umeme, haiendi kama mtu anavyotarajia: umeme ukipungua presha hupanda, na ukikatika kabisa giaboksi hupata presha ya juu kuliko zote, ili waya mbovu usije ukaunguza klachi. Kwa hiyo kuongeza presha ni kuondoa umeme kidogo kwenye jedwali la kompyuta, na klachi ikibanwa kwa nguvu zaidi gia huingia upesi. Wapo wanaosema kuwa kasi ya namna hii ndiyo inayoua giaboksi. Hoja yao ina nusu ya ukweli. Joto la kuishusha mizunguko ya injini halikwepeki, lakini lile linalotokana na injini kuendelea kusukuma huku klachi ikiteleza hupungua kadiri muda unavyofupishwa. Gia iliyolegezwa sana, tena nyuma ya puli ndogo ya supachaja iliyoongeza hewa, huchoma klachi taratibu bila dereva kuhisi kitu. Ukizidisha ukali, nao mshindo huhamia kwenye shafti, kroso na difu. Kipimo chema kipo katikati, na kukipata kunahitaji saa za kazi ambazo gereji nyingi hazizitozi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenye magari mapya. Ram 1500 TRX ya 2021 ilitoka kiwandani na farasi 702 na giaboksi ya gia nane kutoka ZF. Ford F-150 Raptor R ya 2023 ilikuja na farasi 700 na gia kumi, zilizotokana na makubaliano ya Ford na GM ya 2013. Hizi hubadili gia kwa wepesi tayari, kwa hiyo fundi ameachiwa nini? Kwa kasi tupu, kidogo sana. Ila kompyuta ya giaboksi haipimi torki, yaani nguvu ya kusokota. Huikokotoa kutokana na taarifa za injini, kisha huchagua presha. Mteja akifunga puli ndogo na fundi asirekebishe hesabu hiyo, au akaidanganya ili ulinzi wa kiwanda usiingilie, giaboksi huandaa presha ya mzigo mdogo na kupokea mkubwa. Kadiri gia zilivyo nyingi na kompyuta inavyojifunza yenyewe, ndivyo uongo huo unavyosambaa. Kwa hiyo gari jipya linaifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi, na hiyo ni sababu tosha ya kuipa bei yake.

Kinachozuia ni mgawanyo wa fedha. Kampuni kama HP Tuners ya Illinois huuza vifaa, kisha hutoza leseni kwa kompyuta ya kila gari. Kwa Ram za kuanzia 2015, kompyuta ya injini lazima kwanza ifunguliwe au ibadilishwe. Gharama hizo hulipwa kabla fundi hajagusa jedwali hata moja, na kishawishi ni kumtumia mteja faili moja lililotungwa kwa magari yote. Klachi zikiungua, anayevuna ni fundi wa oveholi. Sheria nayo haimwachi mwenye haraka: Novemba 2020 mamlaka ya mazingira, EPA, ilikadiria kuwa pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa mifumo ya kudhibiti moshi katika muongo mmoja, na wauza programu wakaandamwa. California hudai kibali cha CARB, bodi yake ya hewa, kwa kifaa kinachogusa mfumo wa moshi. Sheria ya dhamana ya 1975, Magnuson-Moss, humkataza mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu ya kipuri cha nje, lakini programu iliyochoma klachi ni ushahidi anaoweza kuutumia.

Mwenye pikapu asinunue kwa kusikia gia ikigonga mgongoni. Aombe kumbukumbu za kompyuta za kabla na baada ya kazi: presha iliyoamriwa, muda wa klachi kuteleza, na joto la oili baada ya kuvuta mzigo mlimani. Gereji inayotoza kazi hiyo peke yake na kuzikabidhi kumbukumbu hizo inastahili bei yake. Isiyokuwa nazo isipewe ufunguo.