Mitokondria katika majeraha ya ugwe wa mgongo

Mitokondria ni sehemu ndogo sana zilizomo ndani ya seli, ambazo hutumia oksijeni kutoa nishati katika chakula na kuiweka katika kampaundi iitwayo ATP. Katika majeraha ya ugwe wa mgongo, kuharibika kwa mitokondria ni moja ya sababu zinazofanya jeraha liendelee kupanuka kwa saa na siku kadhaa baada ya ajali. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupoteza seli ambazo ajali yenyewe haikuziua.

Ugwe wa mgongo na mahitaji yake

Ugwe wa mgongo, ambao watu wengi huuita uti wa mgongo, ni mkanda wa neva unaopita ndani ya pingili za mgongo. Hupeleka amri za ubongo kwenye misuli na kurudisha hisia kutoka mwilini. Baadhi ya nyuzi za seli zake hufikia urefu wa karibu mita moja. Kila uzi hutumia ATP nyingi kusukuma chumvi za sodiamu na potasiamu, kazi inayowezesha ujumbe kupita. Seli za neva hazina akiba kubwa ya nishati, hivyo oksijeni ikikatika huathirika upesi.

Majeraha ya awamu mbili

Awamu ya kwanza hutokea papo hapo: pingili huvunjika au kuteguka, kisha hubana au kukata ugwe. Awamu ya pili hufuata polepole, na mitokondria ndizo kiini chake:

1. Mishipa midogo ya damu hupasuka na ugwe huvimba. Oksijeni hupungua, na ATP pia hupungua.
2. Seli zilizoumia humwaga glutamati nyingi, ambayo hufungua njia za kalisi kwenye seli za jirani.
3. Mitokondria hufyonza kalisi hiyo ili kuiokoa seli. Ikizidi, tundu hufunguka kwenye utando wao, nazo huvimba na kupasuka.
4. Mitokondria zilizoharibika hutoa radikali huru, ambazo hushambulia mafuta ya utando wa seli.
5. Protini ya sitokromu c huvuja na kuanzisha mpango wa seli kujiua. Seli zinazotengeneza ala ya mafuta ya nyuzi za neva nazo hufa.

Sehemu kubwa ya mabadiliko haya huanza ndani ya saa 24 za mwanzo.

Tiba

Hadi sasa hakuna dawa ya mitokondria iliyothibitishwa kurudisha nguvu za miguu kwa binadamu. Methiliprednisoloni, iliyotangazwa katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1990, hupunguza madhara ya radikali huru. Baadaye matumizi yake yalipingwa kwa sababu faida ni ndogo, na huongeza hatari ya maambukizi na kutokwa damu tumboni. Siklosporini, dawa ya wagonjwa waliopandikizwa viungo, huzuia tundu la mitokondria lisifunguke, lakini matokeo yake kwa wanyama wenye jeraha la ugwe hayakulingana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walieleza jinsi walivyopandikiza mitokondria hai kwenye ugwe wa panya ulioumia. Uzalishaji wa nishati ulilindwa siku ya kwanza, lakini panya hawakutembea vizuri zaidi baadaye.

Kwa hiyo njia iliyopo ya kuzilinda mitokondria ni kuhakikisha damu na oksijeni vinaufikia ugwe. Mgonjwa hupewa oksijeni, presha yake huzuiwa isishuke, na ikiwezekana hufanyiwa upasuaji wa kuondoa mbano ndani ya saa 24.

Hali mkoani Singida na Tanzania

Utafiti wa kumbukumbu za hospitali ya KCMC, Moshi, ulionyesha kuwa kuanguka ndicho chanzo kikuu, kikifuatwa na ajali za barabarani. Mkoani Singida hatari hizo zinajulikana: wafuga nyuki hupanda miti kutundika mizinga na kurina asali, wachimbaji wadogo hushuka mashimoni, na malori, mabasi na bodaboda hutumia barabara kuu ya Dodoma hadi Nzega, inayopita Manyoni, Singida mjini na mteremko wa Sekenke.

Umbali ni tatizo kubwa. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma, ilipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, ni takribani kilomita 240. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, iko Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Saa za safari ndizo saa ambazo mitokondria zinaharibika.

Kwa sababu hiyo huduma ya kwanza ina uzito mkubwa:

- Majeruhi asikunjwe, asikalishwe, wala asibebwe kwa kushikwa makwapa na miguu.
- Watu kadhaa wamgeuze kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, kisha alazwe juu ya ubao mgumu au mlango.
- Asipandishwe bodaboda.
- Njia ya hewa iwe wazi, na damu inayotoka nje izuiwe.

Hospitalini na nyumbani, mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kitandani. Vidonda hivyo na maambukizi ya njia ya mkojo huua wagonjwa wengi walionusurika siku za mwanzo.