Kitunguu Huhesabu Saa za Jua

Ndugu Mkulima wa Ruiri, huenda jamaa yako akarudi kutoka Uingereza na pakiti ya mbegu za vitunguu, picha yake ikionyesha vitunguu vikubwa kama ngumi mbili. Usizimwage kitaluni upesi. Utasia, utapandikiza, utalipa maji na vibarua, na baada ya miezi mitano ukienda kung'oa utakuta majani mazuri yenye shingo nene, na chini hakuna kitu. Usilaumu udongo wala mbolea.

Kitunguu hakifanyi kichwa kwa kukua tu; hungoja mchana ufikie urefu fulani. Aina nyingi za nchi za kaskazini hungoja mchana wa saa 14 au zaidi. Huko London mwezi wa Juni mchana hupita saa 16, basi hupata haja yao. Lakini Ruiri iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mchana wetu ni saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Aina hizo zitangoja mpaka zichoke.

Je, mmea usio na macho hujuaje saa? Ndani yake mna saa ya asili, ambayo huendelea kuzunguka hata gizani. Mwaka 1729 Mfaransa de Mairan aliufungia gizani mmea wenye majani ya kujikunja, kama kifauwongo, akaona majani bado yakifunguka mchana na kujikunja usiku.

Saa hiyo huamuru protini fulani, ambazo ni kama wanyapara: huwasha na kuzima jeni, yaani maagizo ya kazi ya mmea. Katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao wataalamu huuchunguza sana, nyapara aitwaye CONSTANS huongezeka kuelekea jioni. Akikuta jua bado lipo, hudumu na kuiamsha jeni ya FT, na ujumbe wa kuchanua hutoka majanini. Akikuta giza, huvunjwa. Kitunguu nacho kina jeni za ukoo huo. Mwaka 2013 wataalamu wa New Zealand walieleza kwamba moja, AcFT1, huamuru kichwa kifanyike, na nyingine, AcFT4, huzuia.

Basi yakupasa kununua mbegu za siku fupi, ambazo huridhika na mchana wa saa 12. Red Creole na Bombay Red ni za namna hiyo. Kwa aina hizo huna haja ya kuchagua mwezi kwa ajili ya jua. Chagua kwa ajili ya maji, magonjwa na bei. Wenye mashamba ya maua huwasha taa usiku ili kurefusha mchana, lakini kwa robo ekari ya vitunguu gharama hiyo ni upuuzi.

Tena sheria hairuhusu mbegu kuingizwa nchini bila kibali cha KEPHIS. Na jirani akikupa mbegu asizozijua jina, sia mstari mmoja tu, uone.

Kama umekwisha kupanda za siku ndefu, usingoje zaidi. Ng'oa, funga mafungu, upeleke sokoni kama vitunguu vya majani kabla havijakomaa na kuwa vigumu.